Samaki naye ana kinga: namna mwili wake unavyopigana na virusi

Je, samaki anaweza kupata gripe? Ukiuliza swali hilo kwenye soko la Kituku kule Goma, ama Kadutu kule Bukavu, watu watacheka kwanza. Lakini jibu halichekeshi. Iko virusi moja inayoua tilapia, na wataalamu walipoichunguza walikuta ni ndugu wa mbali wa virusi za gripe ya watu. Inaitwa TiLV, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya virusi ya tilapia wa ziwani.

Habari yake ilianzia mbali na sisi. Tangu mwaka 2009, wavuvi na wafugaji wa Israeli waliona tilapia wanapungua ziwani na kufa katika mabwawa, bila kujua sababu. Mwaka 2014 ndipo watafiti walipoonyesha kwamba ni virusi mpya. Mwaka 2017, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilitoa onyo kwa nchi zote zinazofuga tilapia. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuonekana Ekwado, Kolombia, Misri na Tailandi. Kuna mabwawa ambapo samaki tisa kwa kumi walikufa.

Kisha mwaka 2018 habari ikatufikia karibu. Watafiti walitangaza kwamba alama za virusi hiyo zimepatikana ndani ya tilapia wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania. Maji ya Victoria yanashuka kwa njia ya Nile mpaka Ziwa Albert, lile tunalogawana na Uganda pale Tchomia na Kasenyi, katika Ituri. Na samaki watoto, wale wafugaji wanaowaita alevini, wanasafiri kwa gari na kwa pikipiki kupita mipaka. Hatusemi kwamba virusi iko katika bwawa lako. Tunasema tu kwamba mfugaji wa Beni, Rutshuru, Uvira ama Bunia ana sababu ya kuijua.

Lakini kuna jambo la kushangaza katika ile habari ya Ziwa Victoria. Wale samaki waliokutwa na virusi hawakuwa wanakufa, wala hawakuonyesha ugonjwa. Inawezekanaje virusi inayomaliza bwawa zima mahali pengine ikae kimya ndani ya samaki mzima? Sababu ziko nyingi: aina ya virusi, ukoo wa samaki, hali ya maji. Lakini katikati ya zote kuna kitu kimoja: kinga ya mwili wa samaki. Tuiangalie hatua kwa hatua.

Ukuta wa kwanza ni ute

Kila mama anayepara samaki anajua ule utelezi unaomfanya samaki aponyoke mkononi. Wengi wanafikiri ni uchafu. Kumbe ndio ukuta wake wa kwanza.

Ngozi yetu sisi watu, ile sehemu ya juu kabisa, imekufa na kukauka, na inatulinda kama ganda. Ngozi ya samaki ni tofauti. Mpaka juu kabisa imejengwa na seli hai, na inaguswa na maji usiku na mchana. Kwa hiyo samaki anajipaka ute. Ute huo unatoka bila kukoma, na unapooshwa na maji unaondoka pamoja na mikrobi zilizonasa ndani yake. Tena si utelezi mtupu: ndani yake kuna protini zinazopasua mikrobi, na kuna kingamwili, ambazo tutazirudilia.

Mahali penye hatari zaidi ni matamvua, ile sehemu nyekundu anayopumulia samaki chini ya vifuniko vya mashavu. Lazima yawe membamba sana ili hewa ya ndani ya maji ipite kuingia katika damu. Lakini mlango wa hewa unaweza kuwa pia mlango wa virusi. Ndiyo maana samaki ameweka walinzi wengi hapo, na pia katika utumbo.

Sasa fikiri namna tunavyoshika samaki. Mkono mkavu, wavu mgumu wenye mafundo makubwa, beseni ambamo wamebanana na kuparuzana. Kila mara tunawavua ute, tunawatoboa ukuta, halafu tunawarudisha katika maji yaliyojaa mikrobi.

Kengele ya hatari

Tuseme virusi imepita ukuta. Virusi peke yake haiwezi kuzaa. Lazima iingie ndani ya seli na kuigeuza kiwanda cha kutengeneza nakala zake. Hapo ndipo inajisaliti. Virusi kama TiLV, inapojinakili, inaacha nyuzi za aina ambayo seli yenyewe haina kawaida ya kutengeneza. Ndani ya seli kuna protini ambazo kazi yake ni kupapasa huku na huku kutafuta nyuzi za namna hiyo. Zikizikuta, seli inajua: kuna mgeni ndani.

Mara moja seli inapiga kengele. Inatoa kitu kinachoitwa interferoni. Watafiti wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, ndio waliokitambua na kukipa jina mwaka 1957 kule London, wakichunguza virusi ya gripe kwenye mayai ya kuku. Baadaye ilionekana kwamba samaki naye anakitoa. Ni silaha ya zamani sana, ambayo watu na samaki wanashiriki.

Interferoni haiui virusi yenyewe. Ni ujumbe. Seli iliyoshambuliwa inawaambia majirani: fungeni milango, mimi nimekwisha kuingiliwa. Seli jirani zinapopokea ujumbe zinaanza kutengeneza protini nyingi za ulinzi. Moja inaitwa Mx, na kazi yake ni kuzuia virusi isijinakili. Nyingine zinapunguza kazi ya kiwanda chote, ili virusi ikifika ikute mashine zimezimwa. Na zile seli zilizokwisha kutekwa, mara nyingi zinajiua zenyewe kabla virusi haijamaliza kuzaa, ama zinauawa na seli nyingine za damu zinazozunguka kutafuta waliotekwa.

Kazi hiyo inaanza kwa masaa machache. Haichagui virusi gani, inapigana na yoyote. Kwa samaki hii ni bahati kubwa, kwa sababu yule mtoto mchanga aliyetoka kwenye yai, mwenye urefu wa kucha, bado hana jeshi lingine la kumtetea.

Jeshi lenye kumbukumbu

Kengele inazuia moto usienee mbio mbio. Ili kuuzima kabisa, mwili unahitaji jeshi linalomjua adui kwa sura. Sisi watu seli za jeshi hilo zinazaliwa ndani ya mifupa, katika uboho. Samaki hana uboho wa namna yetu. Kambi yake kubwa iko katika figo, ile sehemu ya mbele iliyo karibu na kichwa, pamoja na wengu, yaani bandama.

Kutoka hapo zinatoka seli za aina mbili. Za kwanza zinatafuta seli zilizotekwa na virusi hii, si nyingine, na kuziua. Za pili zinatengeneza kingamwili, protini zinazoshika virusi kama mkono unavyoshika mpini, ili isiweze kuingia katika seli nyingine. Samaki ana kingamwili za damu, zinazoitwa IgM, na ana aina nyingine, IgT, iliyotambuliwa mwaka 2005, ambayo kazi yake kubwa ni kulinda utumbo, ngozi na matamvua. Sisi watu hatuna IgT. Kazi hiyo kwetu inafanywa na aina tofauti.

Vita ikiisha, baadhi ya seli hizo zinabaki na kumbukumbu. Sisi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri tunaelewa jambo hilo vizuri. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, washindi wa Ebola ndio waliokaa karibu na watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wanatunzwa, kwa sababu mwili wao ulikuwa umekwisha kuijua virusi. Kwa tilapia ni hivyo pia. Wale watafiti wa Israeli waliona kwamba samaki aliyepona TiLV, akiambukizwa tena, hafi. Na watafiti wa Tailandi wakakuta kingamwili dhidi ya virusi hiyo katika damu ya waliopona.

Lakini jeshi hilo lina udhaifu mmoja: linachelewa. Kwa samaki linaweza kuhitaji wiki kadhaa ili kuwa na nguvu. Na mwendo wake unategemea kitu kimoja ambacho sisi watu hatukifikirii sana: joto la maji.

Samaki anatafuta homa yake

Mwili wetu unajipasha moto wenyewe. Tukiambukizwa, tunapata homa, na homa inasaidia kinga kufanya kazi. Samaki hana moto wa ndani. Joto lake ni lile la maji. Basi anafanya nini akigonjwa? Anakwenda mahali penye joto.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walitangaza mwaka 2017 jaribio moja zuri sana. Walichukua samaki aina ya karpu, walioambukizwa virusi yao kali ya jamii ya herpesi, wakawaweka katika chombo chenye vyumba vitatu vilivyounganishwa: maji ya digrii 24, ya 28 na ya 32. Samaki wazima walipenda kukaa kwenye 24. Wagonjwa walihamia taratibu kwenye 32, wakakaa huko, wakapona. Wale waliofungiwa kwenye 24 bila njia ya kutoka walikufa.

Na virusi nayo ina ujanja wake. Watafiti hao walikuta inatengeneza protini inayokamata ule ujumbe wa mwili unaomwambia samaki “nenda kwenye joto”. Kwa hiyo samaki anachelewa kuhama, na virusi inapata siku za kuzaa zaidi.

Tusikosee hapa: hii haina maana kwamba joto ni dawa ya kila ugonjwa. TiLV yenyewe inaua zaidi katika majira ya joto. Fundisho ni lingine. Samaki wa ziwani ana nafasi ya kuchagua: akwende kwenye kina, ama ukingoni, ama mbali na wenzake. Samaki wa bwawani amefungwa. Hali ya maji yake ni ile uliyomwekea wewe.

Ni nini kinavunja kinga hiyo?

Samaki akisumbuka, mwili wake unatoa homoni inayoitwa kotisoli, sawa na yetu. Kwa muda mfupi inamsaidia kukimbia hatari. Lakini usumbufu ukiendelea siku kwa siku, kotisoli inapunguza nguvu za seli za ulinzi. Mwili unaona hakuna nafasi ya kulisha jeshi, lazima kwanza uishi leo.

Usumbufu wa samaki ni nini? Ni wingi kupita kiasi katika bwawa dogo. Ni mbolea na chakula kingi kinachooza, mpaka hewa inakwisha ndani ya maji. Utawaona alfajiri wamepanda juu, midomo wazi. Ni kuvuliwa na kurudishwa kila mara. Ni safari ndefu katika bidoni. Na kwa wenzetu wa milimani, Lubero ama Butembo, ni baridi. Tilapia ni samaki wa maji ya joto. Maji yakipoa, anakula kidogo, na kingamwili zake zinatengenezwa pole pole zaidi.

Ukoo nao unahesabika. Kule Malaysia, virusi ilipoingia katika mabwawa yenye tilapia wa familia nyingi tofauti, familia kadhaa zilikufa karibu zote, na nyingine zilibaki hai kwa wingi, ingawa wote walikunywa maji yale yale. Uwezo wa kupona unarithiwa. Mfugaji anayechukua mbegu kwa wazazi wawili watatu tu, mwaka kwa mwaka, anapunguza koo katika bwawa lake. Siku ugonjwa ukifika, wote wanaweza kuwa na udhaifu ule ule.

“Tetra” haiui virusi

Hapa tuseme wazi. Samaki wakianza kufa, watu wengi wanakimbilia farmasi kununua vidonge vya tetra ama antibiotiki nyingine, wanavisaga na kuvimwaga majini. Antibiotiki zinapigana na bakteria. Virusi hazina kile kitu ambacho dawa hiyo inashambulia. Utapoteza franga zako, na zaidi ya hapo utazifundisha bakteria za bwawa kuvumilia dawa ile ile ambayo kesho mtoto wako ataihitaji.

Dawa ya kuponya samaki mwenye TiLV haipo. Chanjo za samaki zipo kwa magonjwa fulani. Salmoni wa Norvegia wanachomwa sindano mmoja mmoja. Kwa TiLV watafiti wanaendelea kujaribu. Kwa sasa, mfugaji wa kwetu ana silaha moja tu: ile kinga ambayo samaki amezaliwa nayo. Kazi yake ni kuiacha ifanye kazi, na kuizuia virusi isiingie.

Aliyepona anaweza kuwa na mzigo

Kuna jambo gumu ambalo lazima lisemwe. Samaki aliyepona, ama asiyeonyesha dalili, anaweza kuendelea kubeba virusi. Watafiti wameona pia kwamba wazazi wenye virusi wanaweza kuipitisha kwa mayai na kwa watoto. Kwa hiyo yule jike mnene anayeng'aa, aliyebaki hai wakati wenzake wamekufa, ni baraka kwa bwawa lake, lakini alevini wake wanaweza kupeleka ugonjwa katika bwawa la jirani. Mfugaji aliyepata vifo vingi asiuze alevini mpaka samaki wapimwe. Kipimo ni PCR, kile kile tulichozoea kukisikia wakati wa Korona.

La kufanya, kwa ufupi

*Jua unanunua wapi.* Uliza muuzaji kama alipata vifo. Bei ya chini ya alevini inaweza kukugharimu bwawa zima.

*Tenga wageni.* Samaki wapya wakae peke yao wiki mbili mpaka tatu, katika kibwawa ambacho maji yake hayashukii kwenye bwawa kubwa.

*Usiazimishane nyavu ovyo.* Wavu uliotoka kwa jirani uoshwe na ukaushwe vizuri juani kabla ya kuingia kwako. Beseni na buti vilevile.

*Shika samaki kwa mikono iliyolowa,* na kwa muda mfupi.

*Usijaze bwawa kupita nguvu zake.* Ukiwaona juu alfajiri, acha kwanza chakula na mbolea, na ingiza maji mapya.

*Toa wafu kila siku.* Uwazike mbali na maji, na chokaa juu yao. Usiwatupe mtoni: walio chini yako nao wana mabwawa.

*Tofautisha vifo.* Samaki wakifa wengi usiku mmoja, hasa wale wakubwa, mara nyingi ni hewa iliyokwisha majini. Wakifa kidogo kidogo siku kwa siku, hawali, wanaelea taratibu, macho yameharibika, ngozi ina vidonda ama tumbo limevimba, shuku ugonjwa. Hesabu wafu, andika tarehe, na uite veterineri ama mwangalizi wa ufugaji wa eneo lako. Dalili kwa macho hazitoshi kusema ni TiLV, kwa maana magonjwa mengine yanafanana nayo.

Na sisi wa mezani?

Virusi hii haijulikani kuambukiza watu. Tilapia aliyevuliwa akiwa hai na mzima, akapikwa akaiva, hana shida. Lakini samaki aliyekutwa amekufa majini asiende sokoni, hata kama bei inavuta. Hakuna anayejua kilichomuua, wala ameoza tangu saa ngapi.

Kwa nyumba nyingi za kwetu, bwawa ni karo ya shule na ni nyama ya watoto. Yule samaki ndani yake ana ukuta, ana kengele, ana jeshi. Anachoomba kwa mfugaji ni maji mazuri, nafasi, na muda wa kupigana.